Kuigeuza veranda iliyozibwa kuwa sebule ya bustani: mwongozo kamili

Veranda iliyozibwa si ndani wala si nje. Mvua haiifikii, lakini jua linaifikia. Upepo huingia pale unapouruhusu, ila vumbi na unyevu haviombi ruhusa. Wengi huipamba kana kwamba ni sebule ya pili: kochi lililochoka linatolewa ndani, zulia nene linatandikwa, vyungu vinapangwa ukutani kama watoto wa shule kwenye gwaride. Haipiti miezi mingi kitambaa kimepauka, zulia linanuka ukungu, nusu ya mimea imebaki vijiti, na anayekaa humo ni paka peke yake.

Mfuatano ninaoupendekeza ni tofauti. Kwanza uijue veranda yenyewe, pili uamue mtu atakaa wapi na macho yake yatatua wapi, na mimea ije baada ya hapo. Bustani ya namna hii haipangwi kwa ajili ya mgeni anayechungulia kutoka mlangoni. Inapangwa kwa ajili ya aliyeketi.

Hatua ya 1: Ijue veranda kabla ya kununua chochote

Chagua siku ya jua, chukua karatasi, uchore umbo la veranda pamoja na vipimo vyake: urefu, upana, milango inafungukia upande gani, madirisha na soketi viko wapi. Halafu ingia humo mara tatu, saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, uweke alama kila jua linapogusa sakafu. Karatasi hiyo itakuamulia mengi, kuanzia kochi hadi nanaa.

Upande ambao veranda inaangalia una uzito mkubwa. Inayoangalia mashariki hupata jua la asubuhi, ambalo ni laini na mimea mingi hulipenda. Ya magharibi hupigwa na jua la alasiri, wakati hewa nayo imeshapata joto, kwa hiyo huwaka kupita zote. Kwa kaskazini na kusini, inategemea uko wapi duniani: ukiwa mbali kusini mwa ikweta, upande wa kaskazini ndio wenye jua jingi, na ukiwa mbali kaskazini mwake mambo hugeuka. Karibu na ikweta jua huhama na misimu, miezi kadhaa upande huu, miezi kadhaa ule. Basi alama ulizoweka leo ni za msimu huu tu.

Kuna jaribio dogo la mwanga ambalo halihitaji kifaa. Saa sita mchana, weka karatasi nyeupe mahali unapofikiria kuweka chungu, kisha nyosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali na vidole vikihesabika, hapo pana mwanga mkali. Kingo zikiwa zimefifia lakini bado unatambua kuwa ni mkono, mwanga ni wa wastani. Ukiona doa la kijivu tu, au usipoona kitu, hapo ni gizani kwa mmea, hata kama wewe unasoma gazeti bila taabu. Macho ya binadamu hujirekebisha haraka, jani haliwezi. Ndiyo maana mmea ulio mita 2 kutoka dirishani hudhoofika huku mwenzake wa dirishani akinawiri, na mwenye nyumba anabaki kulaumu mbolea.

Pima na joto. Weka kipimajoto kwenye kimo cha kiti, pasipopigwa na jua moja kwa moja, ukisome alasiri. Kikionyesha nyuzi 35, tatizo lako la kwanza si mapambo, ni kivuli. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo, ukagonga sakafu na viti, navyo hutoa joto ambalo kioo hakiliachii kirahisi. Kwa hiyo pazia la ndani hukuondolea mwako machoni, lakini joto limeshaingia. Kivuli kilicho nje ya kioo hulizuia kabla halijavuka: pazia la mianzi lililotundikwa nje, wavu wa kivuli, au mmea unaotambaa kwenye waya. Hewa moto nayo inahitaji njia. Madirisha mawili yanayotazamana yafunguke, au angalau moja liwe chini na jingine juu.

Linalofuata ni unyevu wa sakafu. Kata kipande cha plastiki angavu, nusu mita kwa nusu mita, ukibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, kisha ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini, au saruji iliyofunikwa imekuwa nyeusi kuliko iliyo kando yake, unyevu unapanda kutoka ardhini. Sakafu ya namna hiyo haitaki zulia nene wala mbao zilizobandikwa juu yake.

Halafu weka gololi katikati ya sakafu. Mara nyingi itajiendea yenyewe kuelekea ukingo wa nje, kwa sababu sakafu za veranda humwagwa kwa mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili maji yasikimbilie mlangoni. Usihangaike kuuondoa mteremko huo. Vyungu vikubwa vikae upande wa chini, maji yakizidi yaende yanakotakiwa kwenda, na viti virefu viwekewe vipande vya mpira miguuni visicheze.

Jambo moja la usalama, nalo halina mjadala: angalia ni nini kinachofungukia ndani ya veranda. Bomba la kutolea moshi wa hita ya gesi au jenereta lisiishie humo kamwe. Dirisha la chumba cha kulala likifungukia kwenye veranda iliyozibwa, hakikisha mtu anaweza kutoka nje haraka kukitokea moto. Wala usiingize jiko la mkaa humo, hata jioni ya baridi na dirisha moja likiwa wazi. Kaboni monoksidi haina harufu na huua. Na kama kazi ya kuziba bado haijafanyika, ulizia kwanza kibali cha ujenzi, na ruhusa ya mwenye nyumba ikiwa umepanga.

Hatua ya 2: Kuta, sakafu, nyavu na umeme

Hapa sitakawia, maana ni kazi ya fundi zaidi kuliko ya macho.

Pata mtu apige maji ya mpira juu ya paa na kwenye fremu za madirisha huku wewe umesimama ndani. Panapovuja, pazibwe kabla ya rangi. Nyavu za mbu ziwe na tundu zisizozidi milimita 1.2, ndogo zaidi ya hapo huzuia hata visubi, lakini hupunguza upepo. Sakafu bora ni marumaru yenye uso mkavu usioteleza au saruji iliyopakwa rangi ya sakafu. Zulia la kubandikwa ukuta kwa ukuta, hapana.

Rangi ya ukuta itoke kwenye ndoo ya rangi ya nje au ya bafuni, inayostahimili unyevu. Kuhusu chaguo la rangi nina msimamo: usipake kijani. Kijani cha ukutani hukila kijani cha majani, na mmea uliougharimia hauonekani. Nyeupe ya maziwa, rangi ya mchanga, au ya udongo wa kuchoma huyainua majani. Mwenye ujasiri apake ukuta mmoja, ule wa nyumba, rangi nzito kama bluu ya usiku. Majani mepesi yakisimama mbele yake huonekana moja moja. Dari libaki jeupe ili lirudishe mwanga chini.

Umeme aushughulikie fundi. Soketi ziwe zenye vifuniko na ziwe juu ya kimo cha maji ya kumwagilia, taa ziwe na alama ya IP44 (kipimo cha kinga dhidi ya maji yanayorukia) au zaidi, na njia yote iwe na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja. Utakuwa unashika kopo la maji karibu na nyaya kila wiki.

Hatua ya 3: Kiti kwanza

Beba kiti chochote chepesi, hata cha plastiki, uingie nacho saa ile unayotarajia kuitumia veranda. Kaa kona moja dakika kumi, hamia nyingine. Jiulize mambo matatu: jua linanipiga usoni? Ninaangalia nini? Nyuma yangu kuna nini? Mtu hakai kwa raha akiwa ameupa mlango mgongo. Kiti kinachopendwa ndani ya nyumba karibu siku zote kina ukuta, kona au kitu kirefu nyuma yake, na uwazi mbele yake.

Sasa uje kwenye kipimo ambacho wapambaji wengi hukiruka. Mtu mzima aliyeketi, macho yake yako kati ya sentimita 110 na 120 kutoka sakafuni. Chungu kidogo kilicho chini sakafuni anakiona kwa juu tu, tena akiinama. Chungu kinachoning'inia kwenye mita 1.8 anakiona kitako. Eneo linalojaza macho yake liko kati ya sentimita 60 na 140, na humo ndimo majani mazuri kuliko yote yanapotakiwa kuwa. Mmea mfupi uinuliwe juu ya kigoda au benchi; unaotambaa utundikwe mahali ambapo mashina yake yanashuka hadi kwenye kimo hicho, huku chungu chenyewe kikiwa nje ya njia ya vichwa. Unayetaka kuziba ukuta wa jirani tafuta mmea unaofika mita 1.5. Si lazima ufike darini.

Ukishapata mahali pa kiti, chora nafasi ya samani nyingine sakafuni kwa gundi ya utepe. Njia ya kupita iwe na upana wa sentimita 75 hadi 90. Meza ikae sentimita 40 hadi 45 kutoka ukingo wa kiti, mkono uifikie bila kunyanyuka. Viti viwe na kimo cha sentimita 40 hadi 45; kwa wazee ongeza hadi 50, maana kochi la chini ni zuri kukalia lakini ni kazi kulitoka. Kati ya bega na jani la karibu acha walau sentimita 30. Mimea yenye miiba au ncha kali, kama katani na jamaa zake, ikae mbali kabisa na viti na njia. Ishi na michoro hiyo siku mbili tatu, upite hapo na beseni la nguo, watoto wakimbie. Utajua upesi mahali panapobana.

Veranda ndefu na nyembamba huwasumbua wengi. Kosa la kawaida ni kupanga kila kitu kwenye mstari mmoja kufuata ukuta, na matokeo yake ni korido yenye viti. Igawe sehemu mbili: ncha moja ya kuketi, viti vikigeukiana kidogo, na ncha nyingine ya kazi, yenye meza ya kupandia, ndoo ya udongo na kopo la maji. Katikati simamisha mmea mmoja mrefu au rafu iliyo wazi, uone mwanga lakini usione fujo. Ikiwa upana ni mita 1.5 tu, sahau kochi. Tengenezewa benchi lenye kina cha sentimita 45 kufuata ukuta wa nyumba, chini yake liwe na sanduku la kuhifadhia vitu. Inabaki mita 1 na kidogo, inayotosha kwa meza nyembamba na njia.

Hatua ya 4: Samani na vitambaa

Unapokwenda kununua viti, beba sumaku ndogo mfukoni. Pindua kiti, iguse fremu chini ya msuko. Sumaku ikinata, ndani kuna chuma cha kawaida, na siku rangi yake itakapokwanguka kutu itaanza pale pale kwenye viungo, chini ya msuko, usipoona. Isiponata, mara nyingi ni alumini, ambayo ni nyepesi na haishiki kutu. Huku kiti kikiwa kimepinduliwa, angalia pia miguu kama ina vifuniko vya mpira, na kama skrubu zinaonekana. Kiti kisichoweza kufunguliwa ni vigumu kukitengeneza.

Henzirani halisi inapendeza kuliko ya plastiki, sibishani na mtu hapo, lakini jua la moja kwa moja huikausha ikaanza kukatika. Iweke sehemu za kivuli. Msuko wa plastiki juu ya alumini unafaa panapopigwa na jua na panapoweza kurukiwa na maji. Mbao za msaji zina mafuta yake ya asili yanayozilinda. Usipozipaka kitu hugeuka kijivu, na ukijivu huo si kuoza. Mbao laini kama paini zinahitaji vanishi ya nje na zipakwe tena kila zinapoanza kuchubuka.

Kwa vitambaa, fahamu kwamba kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno ya aina B, lakini ya aina A hupita. Kitambaa kitapauka hata madirisha yakiwa yamefungwa mwaka mzima. Kinachodumu zaidi ni kitambaa cha akriliki ambacho nyuzi zake hutiwa rangi kabla ya kusokotwa, hivyo rangi iko ndani ya uzi wenyewe. Poliesta na polipropilini ni za kati na huosheka vizuri. Pamba na kitani ni laini mwilini, basi zibaki kwa foronya za mito midogo unayoiingiza ndani baada ya kuitumia. Chochote unachochagua, foronya iwe na zipu. Sponji la kukalia likilowa, lisimamishe wima ukutani, lisilale. Maji hushuka na kukauka mapema.

Chini tandika zulia jepesi la polipropilini lililosukwa bapa, kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya viti vyote kukaa juu yake. Sakafu iliyofaulu jaribio la plastiki inaweza kupewa mkeka wa ukindu, na hakuna zulia la dukani linalofanana na bustani kuliko huo.

Rangi za mito zichukue kwenye mimea yenyewe, mbili au tatu: kijani kilichokolea, rangi ya udongo, labda rangi moja ya ua. Vitambaa vyenye michoro ya majani makubwa mimi naviepuka. Palipo na majani halisi, ya kuchorwa huleta kelele tu.

Hatua ya 5: Mimea

Anza na mimea mitano hadi saba. Mmoja mkubwa unaofika mita 1.5, mitatu ya kimo cha kati, na iliyobaki ya kutambaa. Vyungu vitatu vya jimbi moja vilivyokaa pamoja huonekana ni bustani. Aina saba tofauti zilizotawanywa huonekana ni kitalu cha kuuzia miche. Ongeza baadaye, ukishajua ipi inayokaa vizuri kwako.

Chagua kwa kufuata lile jaribio la kivuli cha mkono. Penye mwanga mkali, tena wenye jua la moja kwa moja saa tano au sita kwa siku, bogonvilia itachanua. Chini ya hapo itakupa majani matupu. Mshubiri, rehani, rozmari na mchaichai hupenda hapo hapo. Asumini nayo, na hiyo iweke karibu na dirisha linaloingiza upepo wa jioni, kwa kuwa maua yake hufunguka usiku na upepo ndio utakaoleta harufu hadi kwenye kiti.

Penye mwanga wa wastani pana uwanja mpana: monstera yenye majani makubwa yaliyochanika, mitende midogo ya ndani kama areka, majimbi, na klorofitamu yenye majani membamba ya mistari inayozaa vitoto vinavyoning'inia. Penye mwanga hafifu usibishane na hali. Weka zamiokulkasi, ambayo asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika na huhifadhi maji kwenye mashina manene yaliyo chini ya udongo, au sansevieria yenye majani magumu yanayosimama wima, au pothosi inayotambaa. Mimea hii huvumilia giza, haimaanishi inalipenda. Ikisogezwa dirishani hukua kwa kasi usiyoitarajia.

Mmea mpya usiuchanganye na wengine siku hiyo hiyo. Uutenge wiki mbili, ugeuze majani uangalie chini yake. Na ule uliozoea kivuli cha kitalu usiupeleke juani kwa mkupuo. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, vinginevyo majani yataungua mabaka meupe yasiyopona.

Kuhusu vyungu, la muhimu kuliko uzuri ni tundu la chini. Chungu kizuri kisicho na tundu kitumie kama vazi: mmea ubaki kwenye chungu chake cha plastiki chenye matundu, ukidumbukize ndani, ukitoe wakati wa kumwagilia. Zoea la kujaza kokoto chini ya chungu ili maji yatoke ni la kuacha. Udongo wenye chembe ndogo hauachii maji kwenda kwenye kokoto mpaka wenyewe ushibe, kwa hiyo ile sehemu yenye tope inapanda juu, karibu zaidi na mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoroke.

Udongo wa shambani peke yake hushikamana ukawa kama tofali ndani ya chungu. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga mkubwa. Kwa mshubiri na wenzake ongeza mchanga hadi uwe nusu. Kumbuka na uzito: lita 1 ya udongo ulioloa inaweza kufika kilo 1.5 au zaidi, kwa hiyo chungu cha lita 40 kinaweza kupita kilo 60. Kiweke juu ya kibao chenye magurudumu kabla hujakijaza. Sakafu ikiwa ya mbao, vyungu vizito vikae karibu na kuta au juu ya boriti, visirundikwe katikati.

Kumwagilia kusifuate kalenda. Chomeka kidole sentimita 3 ndani ya udongo. Ukikuta ubichi, ondoka. Ukikuta ukavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Majani ya chini yakigeuka manjano na udongo umeloa, mmea unazama. Anayeuongezea maji akidhani una kiu anaumaliza. Sahani hizo zisiguswe na uvivu: kwenye joto, mbu anaweza kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10, na mayai ya baadhi ya mbu hunata kwenye kingo. Kumwaga tu hakutoshi. Sugua kila wiki.

Wenye watoto wachanga au wanyama wafahamu haya. Dieffenbachia (mmea wa ndani wenye majani mapana ya mabaka meupe), monstera na pothosi zina fuwele za kalsiamu oksalati zinazochoma mdomo na koo zikitafunwa. Saikasi, ile inayofanana na mtende mfupi, inaweza kumuua mbwa. Maua ya yungiyungi ya jamii ya Lilium huharibu figo za paka, hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake inatosha. Klorofitamu na mtende wa areka ni salama kwa wote wawili.

Na lile la mimea kusafisha hewa ya ndani? Lilienea baada ya utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989, uliofanywa kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa. Nyumba haifungwi hivyo. Dirisha lililo wazi husafisha hewa kuliko rundo la vyungu. Panda kwa sababu unapenda kuangalia majani.

Hatua ya 6: Veranda ya usiku

Kukiingia giza, kioo hugeuka kioo cha kujitazamia. Ukiwasha balbu moja kali katikati ya dari, utajiona wewe na kochi lako, bustani ya nje itapotea, na jirani atakuona vizuri kuliko unavyomwona. Tumia taa tatu nne ndogo zilizo chini ya kimo cha macho: moja nyuma ya mmea mkubwa ili vivuli vya majani viende ukutani, moja mezani ya kusomea, nyingine sakafuni kwenye kona. Weka na taa moja nje, kwenye mti au ukuta wa bustani, na macho yatavuka kioo. Chagua balbu za rangi ya joto, 2700 K hivi (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga kilichoandikwa kwenye boksi). Zenye weupe wa bluu huvutia wadudu wengi zaidi.

Feni ya dari ina faida mbili: hupoza aliyeketi na huzuia mbu, maana mbu ni mrukaji dhaifu na upepo humshinda. Mapanga yake yawe juu ya sakafu kwa mita 2.1 au zaidi, na iwe ya aina iliyotengenezwa kwa mahali penye unyevu. Dari likiwa chini, nunua ya kusimama.

Hatua ya 7: Vikolombwezo

Vichache. Chemchemi ndogo ya mezani ina sauti ya kutuliza, ilimradi maji yanazunguka na unaibadilishia maji. Kioo cha ukutani huongeza mwanga kwenye kona, ila kisielekezwe jua la moja kwa moja, kwani hulirudisha kwa nguvu kwenye kitambaa au machoni. Maua ya plastiki hushika vumbi na kupauka. Katikati ya mimea hai hayadanganyi mtu.

Matunzo

Wiki kwa wiki kazi si nyingi: zungusha kila chungu robo mzunguko usije mmea ukaegemea kioo, futa majani mapana kwa kitambaa kibichi, sugua sahani, kung'uta zulia. Ukiona utando mwembamba chini ya majani ni utitiri. Vitu vyeupe kama vipande vya pamba kwenye vifundo vya shina ni wadudu wanaofyonza utomvu. Changanya mililita 5 za sabuni laini ya maji kwenye lita 1 ya maji, jaribu kwanza kwenye jani moja, na kesho yake kama halijadhurika nyunyiza mmea wote, hasa chini ya majani, jioni jua likiwa limepoa. Rudia baada ya siku tano hadi saba, maana mayai hayafi kwa sabuni.

Nyavu zishushwe na kuoshwa mara mbili kwa mwaka. Vumbi likijaa, upepo unakata na joto linarudi. Jua likihamia upande mwingine, hamisha na vyungu. Mizizi ikianza kuchungulia kwenye tundu la chini, au maji yakipita moja kwa moja bila kushikwa na udongo, hamishia mmea kwenye chungu kilichozidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Kikubwa mno hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia, na huko ndiko kuoza kunakoanzia.